Mtumbwi Wangu Nusura Usaliwe

Enyi wenzangu, mmeshamwona mtu akiulilia mtumbwi? Mimi nimeulilia, tena kwa kwikwi!

Mtumbwi wa mjukuu wangu Saburi ulipasuka, na mvuvi bila chombo atakula nini? Tukatoka Bagamoyo kwenda kumnunulia mwingine Vanga, upande wa Waingereza. Wakati wa kurudi, manowari za Wajerumani zimeziba bahari, kila chombo kinakamatwa. Nikasema, tupite nchi kavu. Tukaufunika leso, maana mwembe hupasuka kwa jua, Saburi na wenzake wakautia mabegani.

Mpakani, Mjerumani akatutazama, akavua kofia. Lo! Kumbe kadhani jeneza! Akifunua tu, anauchukua. Nikaangua kilio, "Kipenzi changu weee!" Tukapita.

Sasa balaa. Watu wa kijiji cha mbele nao wakaona, na nani wa pwani ataacha maiti ipite asiipe bega? Huyu kapokea, yule kapokea, "La ilaha illallah," wanakwenda mbio, mimi nyuma natweta. Niseme? Nisiseme? Mjerumani si bado yuko karibu!

Wakautua msikitini, safu zikapangwa. Imamu akageuka, akaniuliza, "Pole bibi. Tutie nia ipi, maiti ni mwanamume au mwanamke?"

"Sheikh," nikasema, "ni mwembe."

Leso ikafunuliwa. Mimi nikajifunika yangu usoni.

Saburi, kwa kicheko hawezi kusimama, akaniambia, "Bibi, nakuahidi, siku yako ikifika nitawafunulia kwanza, waone ni wewe kweli."