Robota Lenye Jina Letu

Shuleni Mombasa waliniita Mfuko wa Simiti. Jina letu la ukoo ni Shimiti, na watoto hawaachi jina kama hilo lipite bure. Nilipigana kwa ajili yake miaka mingi kabla sijajua lilikotoka.

Lilitoka Ukambani. Baba wa babu yangu alikuwa mhunzi, akifua majembe na vichwa vya mishale jirani na misheni ya Wajerumani. Siku ya kubatizwa mchungaji alimwuliza jina la pili la kuandika kitabuni, na mzee, akidhani anaulizwa kazi, akajibu kwamba anafua chuma. Mchungaji akaandika Schmidt, maana huko kwao mhunzi ndivyo anavyoitwa. Nasikia hata kwao lilianza hivyo hivyo. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo jina likajaa nchi nzima kwa watu wasio na undugu wowote. Baadaye vita vikawaondoa Wajerumani, na karani wa Waingereza akaliandika alivyolisikia midomoni mwa watu: Shimiti. Sijapata kusikia ukoo mwingine unaoliandika hivyo. Tulikuwa wachache, na baba alipofariki tulibaki wawili tu, mimi na kaka yangu.

Tuligombana matanga hayajaanuliwa, kwa sababu ya nyumba aliyotuachia baba huko Chaani. Nilimwambia neno ambalo mtu hamwambii ndugu yake, kwamba hastahili kuitwa Shimiti. Aliondoka na mkoba mmoja. Mara moja tu nilisikia kwamba ni utingo kwenye malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, kisha kimya, miaka sita.

Ndiyo miaka niliyoanza kwenda Guangzhou, Uchina, kununua viatu. Watu hudhani mahali penye msongamano hapana upweke. Mimi nilisukumwa na mikokoteni ya soko la Zhanxi tangu asubuhi, nikaambiwa “meyo” katika kila duka, yaani hakuna, na nikirudi chumbani ghorofa ya nane ningeweza kukaa siku mbili bila mtu kuniita kwa jina. Nilijiita mwenyewe, kwa sauti. Sioni aibu kusema hivyo sasa.

Siku moja nilipeleka viatu vyangu kwenye ghala la mizigo nyuma ya stesheni. Pale mlangoni palikuwa na robota kubwa la mashati, na ubavuni limeandikwa kwa wino mweusi: SHIMITI. Halikuwa langu. Nikakaa juu yake.

Mwenye ghala alikuwa mama wa makamo, tukimwita laoban, bosi, kama tulivyowaita wenye maduka wote. Nilimwuliza robota ni la nani.

“Mwanamume. Afrika,” alinijibu kwa maneno ya sokoni, akaunganisha vidole viwili. “Wewe, yeye, sem-sem, moja. Atakuja.”

Kisha akanieleza, kwa vidole zaidi kuliko maneno, kwamba kwao watu wa jina moja la ukoo husemwa walikuwa nyumba moja miaka mia tano iliyopita. Nikamwambia sisi ni nyumba moja hata leo.

Nilikaa mlangoni pale siku mbili. Mwenye ghala alinipa kigoda na maji ya moto. Nilipanga maneno: nianze na salamu, nisimwulize alikuwa wapi, nimwombe radhi kabla hajaketi. Siku ya tatu akaingia mwanamume mwenye mabega ya kaka yangu, akanipa mgongo, akaanza kukagua kamba za robota. Maneno yote yakanitoka, nikabaki na moja.

“Kaka.”

Aligeuka. Alikuwa mzee wa Kikongo, ndevu nyeupe, na uso wa upole ambao sikuwa na haja nao.

“Mama, ni namna gani?” akaniuliza.

Nilionyesha jina. Akalisoma, akacheka kidogo, kisha akaona macho yangu akaacha.

“Hapana, mama, wamekosea. Miye ni Desmet, wa Lubumbashi. Nkambo wangu, babu, alikuwa anafua chuma kwa mapadri. Padri moja Flamand, Mubelgiji, akamupa ile jina, kwabo ni mufua chuma. Kwetu batu banasema Simeti.”

Basi ikawa wazi. Mwenye ghala alisikia Simeti, akafungua daftari lake, akakuta Shimiti nililomfundisha mwenyewe kuandika, herufi kwa herufi. Akaona ni jamaa yangu. Wahunzi wawili, mchungaji na padri wa nchi mbili, na mimi nikaongeza kosa langu la kudhani ni kaka. Nililia mbele ya watu, na yule mzee akasimama kando yangu bila kuniambia ninyamaze.

Nilipotulia nilimweleza habari za kaka yangu. Mwenye ghala alikuwa ameshaleta kitambaa chenye mafuta ya taa afute jina.

“Mzigo wako unapitia wapi?” nilimwuliza mzee.

“Dar, Tunduma, kisha Zambia.”

Nikaushika mkono wa mwenye ghala. “Meyo,” nikamwambia.

Mzee alifikiri, akanipa kalamu. “Andika, mama. Mashati haitaumia.”

Nililizunguka robota, nikaandika kwa herufi kubwa pande zote nne, chini ya jina: KAKA, NI LAKO PIA. Mwenye ghala alisimama na kitambaa chake, akiyatazama maneno yale asiyoyajua. Akaniuliza hiyo ni bandari gani. Nikamjibu kwamba bado sijui.