Ukuta wa Baba na Lensi ya Hamsini

Nyumba ya baba yetu iko Moa, karibu na mpaka wa Kenya. Baba alikuwa mwashi, na ukuta wa upande wa njia aliujenga kwa mikono yake, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Alituacha watatu: dada yangu mkubwa, anayeishi humo hadi leo, mimi, na mdogo wangu, ambaye yuko Maskati na ndiye mwenye uwezo kutuzidi sote. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikawa karani katika shamba la mkonge, na tangu nistaafu nakaa Usagara, mjini Tanga. Nayaeleza haya mapema ili ijulikane ni nyumba ya nani niliyokaribia kuibomoa kwa picha moja.

Kamera alinipa mdogo wangu nilipostaafu. Ilikuja na lensi ya kuvuta, ile ambayo ukiizungusha huku inakusogezea ndege aliye mtini, ukiizungusha kule inameza kiwanja kizima. Mimi nilipenda kumeza. Kila nilichopiga nilitaka kiingie chote, na watu waliponiambia picha zangu zina nafasi kubwa nilivimba kichwa.

Basi mdogo wangu akataka kuezeka nyumba upya kwa bati, akaniomba nimpigie picha aone hali yake. Nilikwenda. Njia mbele ya nyumba ni nyembamba, nami sikutaka kuhangaika, nikasimama karibu, nikaizungusha lensi hadi mwisho wa kumeza. Ukuta ukaingia wote, kutoka ukingo hadi ukingo wa picha. Niliituma kwa simu nikarudi mjini nikiwa nimeridhika.

Kesho yake akanipigia kwa wasiwasi. Aliuona ukuta umefura katikati kama pipa na kona yake imelala nje. Akaniuliza kama na mimi nimeuona hivyo. Jibu la haki lilikuwa kwamba kwa macho yangu sikuona kitu, lakini ningesema hivyo ingekuwa kama kuikana picha yangu. Nikamwambia, "Kamera haipendelei mtu. Unachokiona ndicho kilichopo."

Kwa neno hilo mambo yote yaligeuka. Habari ya bati ikafa. Mdogo wangu akasema ukuta uangushwe kabla ya mvua, usije ukamwangukia dada, na dada aje akae kwangu mjini mpaka tutakapojua la kufanya. Akapata fundi wa kuja na watu wake. Wote tulijua kwamba nyumba ya mawe ya namna ile ukishaangusha upande mmoja haisimami tena.

Nilipeleka habari mwenyewe. Nikamwamkia dada shikamoo, akaitikia huku akisuka ukili wa mkeka, mgongo kaegemea ukuta huohuo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ukuta huu nimeuegemea tangu sijavunja ungo," akasema. "Ungekuwa na tumbo, mgongo wangu ungenambia."

Mdogo wetu ndiye anayemtunza, na dada si mtu wa kubishana na mkono unaomlisha. Siku ile ile akaanza kufunga vyombo. Nami, jambo ambalo hadi leo linaniuma, nilikwenda nikasimama mbele ya ukuta, na kwa kuwa picha ilikuwa imeshaniingia kichwani, nikauona kweli umefura.

Katika siku hizo nilinunua lensi nyingine kwa mpiga picha wa harusi pale Usagara, aliyekuwa amepata kubwa zaidi. Ni ya milimita hamsini, fupi na nyepesi kama kikombe cha kahawa. Haivuti wala haisukumi. Ukitaka kitu kiwe karibu, nenda karibu. Ukitaka kiingie chote, rudi nyuma, miguu unayo. Nilidhani nimenunua upungufu.

Niliijaribu Muheza, nilikokwenda kuwaona wakwe. Mbele ya meza ya machungwa pale stendi nikafungua hadi mwisho tundu la lensi linalopitisha mwanga, nikalenga chungwa moja la juu. Sijapata kuona kitu kama kile. Chungwa lilisimama na vitundu vyote vya ganda lake, na jani lililobaki kwenye kikonyo. Lakini mabasi yaliyokuwa nyuma, watu, vibao, vyote viliyeyuka vikawa rangi tupu na viduara vya mwanga, laini, bila fujo. Ile stendi yenye kelele ilikuwa imenyamazishwa ili chungwa lizungumze.

Kisha nikairudisha lensi ya zamani niimeze meza yote. Kwenye ukingo wa picha kulikuwa na nguzo ya umeme. Nilipoitazama kwenye kioo cha kamera nikaiona imepinda kama upinde. Nikainua macho: imenyooka. Nikaweka tena ya hamsini, nikavuka barabara na kurudi nyuma hadi nguzo na meza vikaingia, nikapiga. Imenyooka. Nikaomba kreti tupu nikakaa. Sikuwa na haja ya kujiuliza ni ukuta gani uliokuja akilini mwangu.

Nilipofika Moa nilikuta masufuria yamefungwa kwa kamba na kitanda kimeshafunguliwa, mbao zimelazwa sakafuni. Fundi alikuwa anangojwa baada ya Ijumaa. Ningepaswa kusema neno langu mara moja. Lakini dada alikuwa amekaa pale pale ukutani, jua la alasiri limemwangukia shavu moja, nami nilikuwa na ile lensi mkononi. Nikasogea, nikafungua tundu lote, nikampiga.

Picha ile sasa imetundikwa ndani ya nyumba hiyo. Unahesabu nyuzi za ukingo wa kanga yake. Unaona ile mikunjo midogo ya pembeni mwa macho, ambayo nimeishi nayo maisha yangu yote bila kuitazama, na jicho lenyewe lina unyevu na ukali kama la msichana. Nyuma yake hakuna ukuta. Kuna weupe tu, kama maziwa yaliyomiminwa taratibu. Nilifurahi mno, nikaituma Maskati na maneno kwamba ukuta ni mzima.

Jibu likaja upesi: "Kaka, ukuta uko wapi hapo? Naona maziwa. Umeuficha."

Alisema kweli. Mara ya kwanza niliupinda, mara ya pili niliufuta, na mara zote mbili niliringia picha.

Ndipo nikamweleza dada yote: kwamba kilichopinda ni lensi, wala si chokaa ya baba, na kwamba mimi ndiye niliyeapa kuwa kamera haidanganyi. Nilitazamia ukali. Akacheka.

"Weye tangu udogoni ukichora nyumba inaanguka," akasema. "Nikadhani ulipona."

Akaingia ndani, akapekua katika mizigo, akatoka na timazi la baba, lile pande la chuma lenye uzi ambalo waashi hupimia ukuta kama umesimama wima. Tulipokuwa wadogo, mimi nilikuwa mtoto wa madaftari. Aliyemshikia baba timazi ni mdogo wetu. Nikataka kupanda mimi kwenye kigoda, dada akanikataza, akaniambia kazi yangu iko ng'ambo ya njia. Akapanda mwenyewe, taratibu, akaufunga uzi kwenye msumari wa kona chini ya upenu.

Nilirudi nyuma hadi uani kwa jirani, nikasimama katikati ya kuku wake. Safari hii nilibana tundu la lensi hadi alama ya nane, ili kisiyeyuke kitu, uzi na mawe vyote visomeke. Timazi liliyumba, likapunguza, likatulia. Uzi na kona ya ukuta vilishuka pamoja, juu hadi chini, kama mistari miwili ya daftari. Zaidi ya nusu ya umri wangu baba hayupo duniani, na kazi yake ilikuwa bado wima. Nilisahau kupiga kwa kitambo, kisha nikapiga, nikaituma Maskati.

Mdogo wangu hakuandika jibu. Alipiga simu.

"Timazi la baba bado lipo?"

Nikamwambia lipo, dada kalitunza.

"Nililitikisa siku moja, baba akanizaba kibao," akasema. Kisha sauti yake ikawa ya kazi. "Mwambie fundi asihangaike kuja. Bati nitaleta."

Nilimkuta dada chumbani, ameshainua ubao mmoja wa kitanda. Nikampa habari, akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa saa ya sala imefika.

"Nisamehe, dada," nikasema.

"Nimekusamehe. Shika hapo, mguu wa kitanda unateleza."