Siku Niliyomkana Nyanya Sokoni Mwatate

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mwaka wa pili tangu vita vya Somalia vitufukuze bonde la Juba. Jamaa zetu walikuwa wamekwisha; tulifika Mwatate wawili tu, mimi na nyanya yangu. Nikapata kibarua cha kukata mkonge, na kila aliyeniuliza kwetu nilimwambia Lamu. Niliona haya kuitwa mkimbizi.

Nyanya alikuwa na hadithi moja. Mababu zetu, alisema, walikuwa Wazigua wa kusini. Njaa ilipowabana walidanganywa wapande chombo wakavune nafaka ng'ambo, kumbe wameshauzwa utumwani huko Somalia. Wakaapa kwamba uzao wao utarudi kwenye mlima wao. Mimi niliiona kama hadithi ya kulaza watoto tu.

Siku hiyo alinifuata sokoni, akawa anauliza watu kwa Kiswahili cha kubabaisha, "Mlima wetu uko wapi?" Wenzangu wa kazini wakacheka. Mmoja akaniuliza, "Unamjua huyu?"

"Simjui," nikasema.

Nyanya alinisikia. Hakunikemea, mwanangu, na heri angenikemea. Aliketi mavumbini akamwita Mungu kwa lugha yake: "Mulungu."

Mama mmoja Mtaita, muuza ndizi, akageuka. "Mlungu? Hata sisi twamwita hivyo." Akamwinua, akampa kigoda chake, kisha akanikazia macho. "Kijana, pua yako ni ya huyu mama. Mwacha asili ni mtumwa."

Neno hilo lilinichoma. Mababu zangu waliuzwa na wengine. Mimi nilikuwa nimejiuza mwenyewe. Nikapiga magoti pale pale, mbele ya wenzangu, nikamwomba radhi.

Mwezi uliofuata tulikwenda kuutafuta mlima wake: tulipitia Taveta, tukavuka mpaka, tukafika Handeni, kwa Wazigua. Majina aliyoyataja hakuna aliyeyajua, na mlima, kila kijiji kilikuwa na wake. Lakini alipowasalimu wenyeji kwa Kizigua, wakamwitikia kwa Kizigua. Mzee mmoja akamsahihisha neno, wote wakacheka, na nyanya akacheka huku analia. Alibaki kwao. Mimi nilirudi kazini Mwatate, ndiyo maana umezaliwa huku.

Basi sikia, mwanangu. Hadithi ya wazee haitakupa shamba wala kitambulisho, na mengi yake yamedondoka njiani. Isikilize hivyo hivyo. Usimkane akuhadithiaye, na ulimi ukiteleza, usichelewe kuomba radhi.

Mungu akujalie miguu mizima, wazee wa kuwauliza, na watoto watakaokuuliza.