Nthenya Maweu na Mizani ya Kocha Nzai

Katika ukumbi wa ndondi wa Samuel Nzai, nyuma ya soko la Ukunda, mizani ilikaa mlangoni. Wanaume walipita kando yake bila kuitazama. Nthenya Maweu ndiye aliyetakiwa kuipanda kila jioni, mbele ya watu, na Nzai akaisoma namba kwa sauti kubwa kama mtu anayenadi mbuzi. Namba isipompendeza, hakumwambia Nthenya neno. Aliwageukia wengine akasema, "Mkamba amekula tena." Watu wakacheka. Nthenya alivaa glavu zake, na mazoezi yakaanza kwa hasira na kumalizika kwa hasira.

Kwao ni Majimboni, huko juu Shimba Hills, ambako babu yake alihamia kutoka Makueni akapewa shamba. Mzee Maweu, baba yake, alipanda michungwa na mahindi, na Nthenya alikua akibeba magunia ya machungwa kutoka shambani mpaka barabarani. Mabega yalimpanuka mapema. Alipomaliza shule alishuka Diani akapata kazi katika londri ya hoteli moja, kupiga pasi mashuka ya wageni. Alipanga chumba Ukunda, na ukumbi wa Nzai ulikuwa njiani. Jioni moja alisimama dirishani kusikiliza mfuko wa ngumi ukipigwa, na Nzai, alipoona yale mabega, akamwambia aingie.

Mwanzoni alipendwa pale. Alikuwa na ngumi ya kulia nzito, na hakuogopa kupigwa. Alishinda Mombasa, akashinda Malindi, na baada ya miaka miwili Nzai akamchukulia leseni ya ndondi za kulipwa. Hapo ndipo aliposikia kwamba atapigana katika uzani wa bantam, kilo hamsini na tatu na nusu. Nthenya alikaribia kilo sitini akiwa mzima na hana mafuta ya kupunguza. Alipouliza, Nzai alimshika kifundo cha mkono na kumwambia kwamba mifupa yake ni ya bantam. Nyama nyingine zote, alisema, ni ugali wa kwao.

Nthenya aliamini. Nzai alikuwa mtu mzima, alikuwa amepigania taji la taifa ujanani, na Nthenya hakumjua kocha mwingine.

Uzani wa juu yake, ule wa unyoya, kilo hamsini na saba, ulikuwa wa Kahaso. Kahaso alikuwa binti wa dada yake Nzai, Mduruma wa Taru, kwao wafugaji wa mbuzi. Nzai alimchukua akiwa mdogo, akamlea kama wake. Alikuwa na mikono mirefu na miguu myepesi, na uzani wake ulikuja wenyewe bila taabu. Baada ya mazoezi alikaa kwenye benchi akila chapati kwa maharagwe huku Nthenya akiruka kamba. Alikula polepole. Pengine hakuwa na nia mbaya, lakini Nthenya aliiona nia mbaya katika kila tonge, na wale wasichana wawili waliacha kusalimiana.

Kila pambano likikaribia, maisha ya Nthenya yalikuwa haya. Alivaa mfuko wa taka ndani ya sweta na kukimbia njia ya Galu jua likiwa utosini. Alinyonya ndimu badala ya kunywa maji. Kazini aliomba apangiwe mashine ya pasi ya mvuke, ile ambayo wenzake waliikimbia kwa joto lake, akasimama pale mpaka shati likamganda mgongoni. Kantini ya wafanyakazi ilipotoa harufu ya wali wa nazi, alitoka nje. Mwenzake mmoja alimletea muhogo wa kuchemsha kwa huruma, na Nthenya aliupiga ule muhogo ukaanguka sakafuni. Mwenzake hakumsemesha tena. Hata wengine walijifunza kumpisha. Alikuwa mwepesi wa kugomba, alijijua, na hakuweza kujizuia.

Krismasi moja alipanda Majimboni pambano likiwa mwezi uliofuata. Mama yake, Mbinya, alikuwa amechinja kuku na kupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kwa maharagwe, tangu alfajiri. Nthenya aliwaamkia, akaketi, akachukua kipande cha tikiti maji, basi. Mama alimbembeleza kwa Kikamba. Baba hakubembeleza. Aliisukuma sahani mpaka mbele ya binti yake.

"Mimi nimelima mlima huu ili wewe ule," alisema mzee Maweu. "Kama chakula changu ni sumu, usikanyage hapa ukiwa na njaa yako. Kaa nayo huko kwa huyo bwana wako."

"Si bwana wangu, baba. Ni kocha."

"Hata mume hawezi kumnyima mke chakula namna hiyo, watu wakamwacha hivi hivi. Huyo ni nani?"

Nthenya alisimama akachukua mkoba. Mama yake alimfuata mpaka barabarani akilia. Yeye hakugeuka. Kwenye pikipiki, akiteremka, alimchukia baba yake kwa swali lile kuliko kwa maneno mengine yote.

Pambano lilifanyika Mombasa. Kwenye mizani alipata namba iliyotakiwa, midomo imempasuka, macho yameingia ndani. Kesho yake alipanda ulingoni hana kitu mwilini. Raundi mbili za kwanza alizishinda. Ya tatu mikono ikawa mizito kama ndoo zilizojaa maji. Ya nne mpinzani wake, msichana ambaye Nthenya angempiga siku yoyote ya kawaida, alimwangusha kwa ngumi ya tumbo, na refa akahesabu mpaka mwisho. Alikuwa ameona kila kitu, amesikia kila namba, na miguu ilikataa tu.

Siku zilizofuata mkojo wake ulitoka mweusi kama chai ya rangi. Alikwenda hospitali, na daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba figo zimeumia kwa kukosa maji, na kwamba akiendelea hivyo zitamfia. Nthenya alimpelekea Nzai habari hizo. Nzai alimsikiliza akiwa anafunga bendeji mikononi mwa Kahaso, kisha akasema kwamba daktari yule hajawahi kupigana na mtu, na kwamba aliyeshindwa hakosi sababu. Akamwamrisha avae glavu apige mazoezi na Kahaso.

Nthenya alivaa. Kahaso alimpiga jioni ile kadiri alivyotaka, na hakuna aliyesimamisha. Walipomaliza, wakiwa wawili tu kwenye bomba la nyuma, Kahaso alinawa uso, akamtazama, akasema jambo ambalo pengine alilibeba muda mrefu.

"Wewe mshukuru mjomba anavyokunyima chakula. Ungekuwa unakula, mimi saa hizi ningekuwa Taru nyuma ya mbuzi."

"Unasema nini?"

"Nimesema unavyosikia. Ukumbi mmoja hauwezi kuwa na wawili wa kilo hamsini na saba. Mmoja ni damu yake. Umefikiri ni mifupa?"

Alijifuta kwa leso yake na kuingia ndani. Nthenya alibaki pale maji yakimwagika bure. Hakulia. Aliyapitia moyoni mambo yote, jioni zote pale mlangoni, mifuko ya taka, ndimu, sahani ya baba yake. Angeweza kuondoka siku ile. Lakini tangu kabla ya kushindwa Mombasa alikuwa amepangiwa pambano la taji la bantam, likaahirishwa mara mbili, promota kutoka Nairobi alikuwa ameshabandika picha zake Ukunda nzima, na Nzai alijivuna nalo kila alipopita. Nthenya aliamua asiondoke kimyakimya.

Aliendelea kufika. Alipanda mizani, akasikia kicheko, akavaa sweta akakimbia. Tofauti moja tu. Kila alipofika mbali na macho ya Nzai, aliivua ile mifuko akaitupa, akaingia kwenye kibanda cha mama mmoja wa Kidigo akala samaki kwa ugali. Siku za mwisho aliacha hata kupanda mizani ya ukumbi, akidai ana hedhi, jambo ambalo Nzai aliona haya kulihoji mbele ya wanaume.

Upimaji ulifanyika asubuhi katika ukumbi wa hoteli, mbele ya maafisa, waandishi na watu waliokuja kutazama bure. Mpinzani alipanda, akapigiwa makofi. Nthenya akapanda. Afisa aliisoma namba, akaisoma tena. Kilo hamsini na saba.

Nzai alisogea upesi akasema mizani ina kasoro. Ikajaribiwa na mtu mwingine, haikuwa na kasoro. Basi maafisa wakasema sheria inampa Nthenya muda wa saa mbili akapunguze atakachoweza. Nzai alimshika mkono, amekunja uso mpaka mishipa ya shingo imesimama, akamwambia atoke akakimbie, sauti ameishusha lakini watu wa mbele waliisikia.

Mezani kulikuwa na chupa za maji za maafisa. Nthenya alichukua moja, akaifungua, akanywa. Hakunywa kwa haraka. Nzai aliipiga ile chupa ikamwagika kwenye viatu vyake mwenyewe, na Nthenya akachukua nyingine.

"Kocha," alisema, "huu ndio uzani wangu. Uliujua tangu siku ya kwanza. Mwenye hofu ya uzani huu si mimi."

Akamtazama Kahaso, aliyesimama nyuma ya mjomba wake ameshika taulo. Kahaso aliinamisha macho.

Mambo yaliyofuata hayakumfurahisha mtu. Pambano lilivunjwa. Promota alitukana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, akaapa kwamba huyu dem hatapigana tena kwenye shoo zake. Wasimamizi wa mchezo walimfungia Nthenya leseni miezi sita kwa kuwadharau. Nzai alimwaga vitu vyake nje ya ukumbi, glavu, kamba na viatu, na mvua ikavikuta hapo. Ukunda iligawanyika. Wengine walisema amemwaibisha mtu aliyemtoa gizani, na kwamba watu wa bara hawana fadhila. Kuna mfanyabiashara wa soko aliyekataa kumuuzia nyanya.

Aliyempokea alikuwa Abdulwahab, Mdigo wa Msambweni, aliyewahi kupigana ndondi jeshini na sasa alifundisha vijana wachache uani kwake. Hakumpokea kwa uso mzuri. Alimwambia kwamba amesikia habari zake, kwamba hamwamini, na kwamba siku atakayomfanyia yeye vituko vya mizani atamrudisha Ukunda kwa miguu. Masharti yake mengine yalikuwa avae suruali ndefu, asifike saa ya swala ya Ijumaa, na mazoezi yafanyike mke wake akiwepo. Kisha akamuuliza anakula nini asubuhi. Nthenya alishangaa. Hakuwahi kuulizwa.

Kwa miezi ile ya kufungiwa alifanya kazi mchana na kupanda gari kwenda Msambweni jioni. Nguvu ilirudi mwilini. Hasira haikuondoka. Abdulwahab alimwambia waziwazi kwamba anapiga mfuko kana kwamba una jina, na Nthenya akamjibu kwamba unalo.

Leseni iliporudi, aliomba jambo moja, pambano na Kahaso, ambaye sasa alishika taji la unyoya, kwa kilo hamsini na saba. Nzai alilikwepa mara kadhaa, mpaka watu sokoni wakaanza kumcheka yeye. Walipambana kwenye uwanja wa Ukunda, alasiri, umati umepanda hadi juu ya kuta.

Kahaso alikuwa fundi kuliko yeye, na raundi za mwanzo alimkatakata uso kwa mkono wa kushoto. Nthenya alipokea, akasonga, akapokea, akasonga. Raundi ya tano alimpata kwenye kona. Ngumi ya kwanza ya kulia ilimtoa Kahaso kinga ya meno, na ya pili ilimning'iniza kwenye kamba. Refa alikuwa upande wa pili. Nthenya aliona wazi kwamba mwenzake ameisha, kwamba mikono imeshuka, na alimpiga tena, na tena, huku akimtazama Nzai usoni juu ya bega la Kahaso. Watu waliokuwa wakishangilia walianza kumpigia kelele aache. Refa alimvuta kwa nguvu.

Alitangazwa mshindi na bingwa mpya. Alikwenda kwenye kona ya wapinzani kama ilivyo desturi, akasema shikamoo. Nzai hakuitika wala hakunyoosha mkono. Alikuwa amepiga magoti akimfuta Kahaso damu. Kahaso alitema mate mekundu kando ya kiatu cha Nthenya.

Njiani kurudi Msambweni Abdulwahab hakumpongeza. Alisema ngumi mbili zilitosha. Nthenya alisema alijua. Walipofika, mke wa Abdulwahab alimtandikia jamvi, akampa uji, maana taya ilikuwa imevimba.

Miezi michache baadaye ilisikika kwamba Nzai amemteremsha Kahaso kwenye bantam. Nthenya alimwona mchana mmoja barabara ya Galu, anakimbia ndani ya sweta, mfuko mweusi umechungulia shingoni. Alimsimamisha, akamwambia habari ya figo, na ya mkojo, na ya daktari.

"Shughulika na yako," Kahaso alisema, na kuendelea kukimbia.

Nthenya alilitetea taji lake la unyoya mara mbili. Majimboni alirudi, akala, na baba yake akamkaribisha bila kulitaja lililopita, ingawa walikaa kama watu wanaokaguana. Mwaka huu mwili umeongezeka tena, na kilo hamsini na saba zimeanza kumtesa. Abdulwahab alimwambia kwamba akijibana kidogo, taji atalishika mwaka mmoja zaidi.

Nthenya alikuwa anafunga kamba za viatu. Alizifungua, akavivua viatu, akasimama.

"Nilisema kidogo tu," Abdulwahab alijitetea. "Keti basi. Keti."

Taji alilirudisha kwa hiari yake. Pambano la kwanza katika uzani mwepesi, kilo sitini na moja, alilipoteza kwa pointi kwa mwanamke wa Nakuru mrefu kuliko yeye. Jumatatu alikuwa londri kama kawaida, jicho moja limefunga, na mwenzake yule wa muhogo alimsogezea kiti bila kumsemesha.