Jani la Sale Kwenye Maonyesho ya Baba Mdogo

Harufu ya rangi ambayo haijakauka ukutani hunitia wasiwasi mpaka leo. Juzi ilinipata tena mlangoni mwa jengo moja pale mjini Arusha, kwenye maonyesho ya sanaa, na kabla sijaona hata kazi moja miguu ilishaanza kunicheza. Msinicheke. Wenzangu huingia mahali kama pale wakatulia, wakafumbata mikono nyuma, wakatazama. Mimi huzunguka ukumbi mzima kabla sijajua nimeona nini, hutoka nje kuvuta pumzi, halafu hurudi. Aliyenifundisha kuyapenda mambo haya ni Baba Mdogo, na mara ya kwanza kuona maonyesho yake nusura nimharibie.

Baba Mdogo ndiye anayemfuata baba yangu kuzaliwa. Kwetu ni juu kidogo ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa, na babu alipofariki waligawana shamba. Baba akaendelea kuipalilia mibuni yake. Baba Mdogo, aliyekuwa akichonga na kuchora huko mjini, siku moja alikuja na vijana, akaing'oa mibuni ya upande wake, akaipakia kwenye lori mizizi na yote, akaondoka. Ilikuwa imezeeka, haizai tena, lakini hakumwambia kaka yake. Baba alirudi kutoka sokoni akakuta mashimo. "Hiyo mibuni ndiyo iliyotuvisha na kutusomesha," alisema, na tangu hapo hakulitaja tena jina la mdogo wake.

Mimi niliumia kuliko walivyodhani. Baba Mdogo alikuwa akinichongea kuku na mbuzi wa mti, akinibeba mabegani, akinisikiliza nikiongea bila kituo. Sasa hata Krismasi hakuja. Na Krismasi ya kwetu mnaijua: aliye Mwanza anakuja, aliye Dar anakuja, yeye aliye hapo mjini tu hakuja. Watu wakala nyama, wakacheka, mimi kila mara natoka kuchungulia njiani. Nilitaka arudi nyumbani, basi.

Ndipo Mama akapanga njama. Alisikia Baba Mdogo ana maonyesho, akamwambia Baba twende mjini kuninunulia viatu vya shule. Viatu tulinunua kweli. Nikavivaa palepale, vikanibana palepale. Halafu Mama akasema tupite mahali mara moja, kusalimia. Baba alipojikuta mbele ya ghala la zamani lililopakwa rangi nyeupe, watu wamesimama na glasi mkononi, alielewa.

"Mama Elinipa, umenileta wapi?"

"Tunaingia, tunaangalia, tunatoka," Mama akamjibu. "Hakuna atakayemla mtu."

Baba aliingia kwa kuwa watu walishaanza kututazama.

Jamani, nilivyohangaika mle ndani! Kulikuwa na televisheni inayoonyesha mikono ya mtu ikiosha sahani moja, ikimaliza, ikianza upya. Kulikuwa na katambuga, zile ndala za matairi, zimepigiliwa ukutani mpaka darini, na mzungu mmoja alikuwa akizitazama kwa makini kama anayetafuta saizi yake. Nilitaka kucheka, nilitaka soda, nilitaka kuvua viatu. Mama akaniminya bega. "Tulia! Umekanyaga siafu?"

Chumba cha mwisho ndicho kilichokuwa cha Baba Mdogo. Mibuni ya babu ilikuwa imening'inizwa darini kwa minyororo, mizizi ikielea juu ya udongo uliotandazwa sakafuni, na kuuzunguka udongo ule kulikuwa na miche ya masale kwenye makopo. Baba alisimama kama anavyosimama makaburini. Upande wa pili alikuwa Baba Mdogo, amevaa shati jeupe, naye amesimama. Hakuna aliyesogea. Mama alijifanya anasoma maandishi ukutani. Nilimtazama huyu, nikamtazama yule, nikahisi nitapasuka. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kopo lililokuwa karibu, nikachuma jani la sale, nikaanza kulifunga fundo.

"Wewe mtoto, vitu haviguswi hapa!" Dada mmoja aliyekuwa akiangalia ukumbi alikuwa anakuja. Nikageuka mbio, nikamkabidhi Baba lile jani, maana kitu kikiwa mkononi mwa baba yako nani atakuuliza?

Sasa, kwa wengine sale ni mmea wa uzio tu. Kwetu Wameru, kama kwa jirani zetu Wachaga, ukimkosea mtu unamtumia jani la sale lililofungwa fundo, kwa mkono wa mwingine, kumwomba msamaha. Akiletewa, hakatai. Atakayekataa, hata wanawe watamwona mtu wa ajabu. Haya niliyajua, lakini dakika ile nilikuwa nawaza fimbo.

Baba alilipokea kwa mikono miwili. Akapita katikati ya ule udongo na viatu vyake vya kanisani, yule dada akashika kichwa, mpaka akafika mbele ya mdogo wake. "Nimelipokea," akasema.

Baba Mdogo akalitazama jani, akalitazama kopo lenye mche uliochanika, akanitazama mimi. Nilijua ameelewa kila kitu. Nikangoja aseme hakumtuma mtu.

"Asante, kaka," akasema. "Nisamehe."

Wakashikana mikono wasiachiane. Watu wenye glasi wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Krismasi iliyofuata Baba Mdogo alikuja, akachinja mbuzi na kaka yake, nami sikutoka tena kuchungulia njiani. Kwa miaka mingi niliamini kwamba Baba alidanganyika, na Baba Mdogo, kwa huruma yake, akaniokoa na fimbo. Jana nilikuwa nimekaa na Baba barazani namwonyesha kwenye simu picha za maonyesho ya juzi, nikaona nimwambie ukweli tucheke. Hakucheka.

"Nilikuona ukilichuma," alisema. "Si nilikuwa nyuma yako?"

Nikamuuliza kwa nini basi alimwendea.

"Mimi ndiye mkubwa, mwanangu. Ningeanzaje? Nilikuwa nimesimama pale namwomba Mungu anipe sababu. Ukaniletea."

Utotoni nilidhani wamekosana kwa kuwa hawapendani tena, na hilo ndilo lililokuwa likinitoa nje siku ile ya Krismasi. Kumbe muda wote ule walikuwa wakipendana, kila mmoja upande wake, akisubiri mwenzake atume mtu.