Kadi ya Picha kwa Kofia ya Mama

Sina subira, na sijapata kuwa nayo. Mama alikuwa akisema nilizaliwa mkunga yuko njiani, na kwamba tangu siku hiyo sijaacha kuwahi. Basi mfikirie mtu wa namna hii ameketi mbele ya kompyuta kuukuu, iliyotolewa ofisini kwa kuchakaa, anangoja picha ijichore kwenye kioo mstari mmoja baada ya mwingine, kama pazia linaloteremshwa na mtu anayesinzia.

Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni, nasi tulikaa Magogoni. Mchana mashine ile nilichapia barua za watu na mitihani ya shule. Jioni ilikuwa na kazi moja tu, kazi ya Mama. Alikuwa mshonaji wa kofia za vito, zile za kutoboa vitundu kwenye kitambaa cheupe na kuzungushia uzi kila kitundu mpaka maua yatokeze. Alikuwa na nakshi moja aliyoirithi kwa mama yake, na nakshi hiyo haikupata kuchorwa popote. Ilikaa vidoleni mwake. Na mtoto wa jicho alikuwa ameshaingia macho yake yote mawili. Daktari alitaka kumpasua, naye kila mara alijibu, "Inshallah, baada ya Idi," bila kusema Idi ipi. Niliogopa. Nakshi ile ingetupotea huku tumekaa nayo nyumba moja.

Ndipo tukaanza kuichora kwenye kompyuta. Kila kitundu nilikiwekea mraba mmoja. Mama alivuta kigoda hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo, akawa anaamuru: "Teremka moja. Ruka mbili. Ingia ndani. La, hapo umekosa, futa." Hakuwa mtu wa kusamehe kitundu. Niliwahi kumwona akifumua kazi ya wiki nzima kwa sababu ya ua moja lililopinda, na mwenye kofia kesho yake ana harusi.

Washonaji wa mtaani kwetu huibiana nakshi kwa macho, kwa hiyo kofia ambayo haijaisha hugeuzwa ndani nje mgeni akibisha hodi. Kompyuta haigeuziki. Mama aliitupia leso kila aliposikia hodi, hata jirani mmoja akauliza kwa nini televisheni yetu inajisitiri.

Kilichonikera mimi ni kadi ya picha, kile kibao cha ndani kinachopeleka picha kwenye kioo. Yetu ilikuwa ya kizamani. Ilichora miraba mikubwa mikubwa, na ni robo tu ya kofia iliyoenea kwenye kioo. Ukitaka kwenda upande wa pili ungoje pazia literemke tena. Nikajiambia kuwa jicho bovu linataka picha safi. Nikipata kadi ya kuchora vitu vidogo na vikali, kofia nzima itaenea, Mama ataona vizuri, tutamaliza kabla macho hayajafunga. Fikira hiyo ilininyima raha. Nilichapa mtihani wa hesabu nikiwaza kadi, na nadhani wanafunzi wa mwaka ule walipata maswali ya ajabu.

Nikavuka kisiwa kizima cha mji wetu hadi Magongo, ng'ambo ya pili, kwa fundi mmoja wa kutoka bara aliyeuza kompyuta za mitumba. Alinitandazia kadi tatu juu ya gazeti.

"Mashine yako iko na tundu gani, siste? Nyeusi, nyeupe ama kahawia?"

Nilimwambia tundu la kuchomekea kadi inalo, anipe niende zangu.

"Siste, hii si kiatu ati itapanuka ukivaa."

Nikarudi nyumbani nimevimba. Niliifungua mashine, nikakuta matundu meusi marefu na meupe mafupi. La kahawia halikuwemo, na kadi niliyoitamani, ile kali kuliko zote, ilikuwa ya tundu la kahawia. Nililaani kimya kimya, maana Mama alikuwa chumba cha pili, na masikio yake hayakuwa na mtoto wa jicho.

Safari ya pili zilibaki kadi mbili za tundu jeupe. Moja ilikuwa na kifeni mgongoni, nayo iliniita. Nyingine ilikuwa kavu, haina pambo. Nilishika hii, nikaiweka, nikashika ile.

"Ya feni ni ya watu wa gemu za vita," fundi akasema. "Wewe unapiganaga?"

"Nashona kofia."

Alinitazama kidogo, akanifungia ile kavu.

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Nilipowasha mashine, kofia nzima ilisimama kwenye kioo kwa mkupuo mmoja, vitundu vidogo safi kama vya sindano. Nilipiga kigelegele peke yangu. Mama akavuta kigoda, akatazama.

"Maashallah," akasema.

Jioni zile tulikwenda mbio. Nilikuwa nasoma mstari kwa sauti, naye anaitikia, "Eeh. Sawa. Endelea." Hakuna kufuta, hakuna kungoja. Siku moja hodi ilipigwa, Mama akarusha leso, ikaangukia chupa ya chai pembeni ya meza. Tulicheka mpaka mgeni akajiingilia mwenyewe.

Kisha nikaliona ua. Nilikuwa nimeruka tatu badala ya mbili, na jani lake moja lilikuwa limepinda waziwazi. Lilikuwa limepinda tangu jana yake, na Mama alikuwa ameketi papo hapo.

"Mama, hapa pako sawa?"

"Pako sawa, mwanangu."

Nilimuuliza kama anaviona vile vitundu. Akawa anasokota pindo la leso yake.

"Vile vya kwanza nalikuwa nikiviona. Vikubwa, kama punje za mahindi. Hivi vipya ni vya wenye mato mazima." Akaliachia pindo. "Umehangaika nacho sana hicho kidude, mwanangu. Nikaona haya kukwambia."

Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia, kisha nikalia. Kuna njia ya kuiamuru kadi mpya ichore miraba mikubwa kama ya zamani, nami nikaja kuijua baadaye. Siku ile nilichokuwa nacho ni bisibisi. Niliichomoa kadi mpya nikairudisha ile kuukuu. Mama alingoja kigodani, mikono magotini.

Pazia likaanza kuteremka, mstari mmoja mmoja. Nililiacha literemke. Robo ya kofia ikatokea na miraba yake minene, na Mama akasogeza pua yake kwenye kioo. Nikaweka mraba, nikaweka wa pili.

"Hapo umekosa," akasema. "Futa."

"Abee, Mama."

Nikafuta. Mstari uliofuata nikakosea kwa makusudi, nikangoja.

Akanifinya paja. "Na hapo pia! Una nini weye leo?"