Siku Niliyoing'ata Rupia ya Bi Mwanaidi

Aibu hii naileta mwenyewe, kwa sababu mkingoja vijana wa Mtongwe wawasimulie wataongeza chumvi, na kisa chenyewe kimeshakolea. Nikipita kwenye kibanda cha viazi karai tu nasikia, "Saidi, ushakula, au tukufukulie?" Basi sikizeni kilivyoanza.

Mwajua kile kifimbo ambacho askari wa maduka makubwa hukupitishia mwilini, kikalia tiii, ukaanza kutoa funguo mfukoni? Nilikiona sokoni Kongowea kwenye lundo la vitu vikuukuu, kati ya pasi mbovu na redio isiyo na sauti, na roho ikanidunda, maana mimi tangu utotoni (shule sikufika mbali, lakini kuwaza nawaza sana) hujiuliza chini ya mchanga huu tunaoukanyaga kuna nini. Wareno wamepita hapa, Waarabu wamepita hapa, na wote hao walikuwa na mifuko, na mifuko hutoboka! Nikakifunga kifimbo changu kwenye mpini wa ufagio nikawa napekua kila uchochoro, nikaambulia misumari, vizibo vya soda na kijiko kimoja kilichopinda.

Asubuhi moja jirani yangu Bi Mwanaidi, ambaye hapiki mkate wa sinia bila kuniletea kipande, akaniita kutoka uani kwake.

"Saidi!"

"Naam, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kipini changu cha pua kimenianguka nikifagia. Hebu nipitishie hiyo fimbo yako hapa mlangoni. Hapa tu, usende mbali."

Akarudi ndani, kwa mwanawe. Ami Athumani alikuwa amekuja kutoka Kiembeni na pikapu, kwa ile kazi yake ya siku zote ya kumbembeleza mamake akaishi naye. Nikawasikia.

"Mama, paa lavuja, na waishi peke yako."

"Siondoki, Athumani. Na sababu waijua."

(Mimi nikadhani sababu ni kuku wake.)

Mlangoni sikupata kitu. Hapo ningesema, bibi, hakuna, nikaenda zangu. Lakini katikati ya ua kuna mnazi, na nikajiambia, Saidi, pitisha mara moja tu, nani ajuaye. Nikapitisha. Kifimbo kikalia kama mtoto aliyefinywa! Nikachukua jembe lililoegemezwa ukutani, nikachimba, nikachimba, jasho lanitiririka na moyo wanienda mbio, mpaka nikagonga kikopo cha bati kilicholiwa na kutu. Ndani kulikuwa na kitambaa cheusi kilichooza, na kitu kidogo kikavu kama tangawizi ya zamani, ambacho nilikikung'uta chini bila kukitazama mara mbili, kwa sababu chini yake, wallahi, kulikuwa na rupia ya fedha! Nzito, nyeusi kwa uzee, na nilipoisugua kwenye shati akatokeza mfalme mwenye ndevu akiniangalia.

Nikapiga ukelele: "Hazinaaa!"

Mtongwe haihitaji kuitwa mara mbili. Mara wakaja wauza maji na mikokoteni yao, wakaja kina mama na watoto mgongoni, ua ukajaa, nami nikapanda juu ya ndoo iliyofunikwa nikaanza kuhutubia, nikawaambia rupia hii ni ya sultani na zingine mia ziko chini yake. Mmoja akapaza sauti, "Utajuaje kama ni fedha ya kweli?" Nikakumbuka wanavyofanya kwenye sinema. Nikaitia mdomoni, nikaing'ata mbele ya umati.

Ndipo Bi Mwanaidi alipotoka, Ami Athumani nyuma yake. Akautazama mnazi, akalitazama shimo, akanitazama mimi na mashavu yaliyojaa rupia.

"Subhanallah! Saidi, wala kitovu cha Athumani!"

Kisha nikamsikia mtu wa maji akiuliza taratibu, "Chake huyu mwenye kitambi?" na ua mzima ukaangua kicheko.

Niliitema. Nimezaliwa hapa hapa, nilijua kwetu kitovu cha mtoto kikikatika huzikwa uani na mnazi ukapandwa juu yake, na mara nyingine hutiwa kitu cha thamani ili mtoto asikose riziki. Sasa mnazi mmoja katikati ya ua, niliona umejiotea? Nikashuka ndooni, nikapiga magoti kutafuta ile tangawizi, na wale wale walionicheka wakapiga magoti nami, mpaka Bi Mwanaidi mwenyewe akaiona na kuifunga kwenye pindo la leso yake pamoja na rupia.

Ami Athumani hakucheka. Alisema kwa upole, "Basi mama, ndiyo sababu yenyewe, na sasa imetoka. Twende."

Hapo ndipo nilipotamani shimo lile linimeze, kwani si kicheko kilichoniuma, ni kumwona akiingia ndani kukunja mkeka wake. Nikambebea godoro mpaka kwenye pikapu. Sikuweza kumwangalia usoni.

Siku chache baadaye Ami Athumani akanipigia simu, sauti imemwishia. "Saidi, njoo na jembe. Mama amegoma kula."

Nilipofika Kiembeni nikaelewa. Ua wake wote umesakafiwa kwa matofali mazuri ya zege, hapana mchanga hata wa kuzikia sindano, na Bi Mwanaidi ameketi katikati, leso mkononi, mche wa mnazi ubavuni.

"Waambiwa uchimbe," akasema, "na safari hii nakuonyesha wapi."

Akaonyesha pale pale ambapo mwanawe huegesha gari. Ami Athumani akachukua nyundo, akaanza kuyang'oa matofali yake mwenyewe, mimi nikachimba. Bibi akakifukia kitovu na rupia kwa mikono yake, akaupanda mche juu yake, akaumwagia maji, kisha akaomba chai.

(Kipini alikuwa nacho puani. Sikuuliza kilikuwa wapi.)

Kifimbo bado ninacho, na udadisi wangu haujapungua hata kidogo. Ila siku hizi kikilia uani kwa watu, jembe silishiki. Nabisha hodi kwanza, nauliza: jamani, hapa amezikwa nani?